Hall H sikuingia, na sijutii

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Tanga, na tangu mwaka uanze ananitumia ujumbe ule ule kwa maneno tofauti. "Shangazi, shikamoo. Hivi Hall H mtu anaingiaje?" Kesho yake: "Shangazi, nikifika saa kumi na moja alfajiri nitapata kiti?" Beji ya kuingilia inapatikanaje, hajauliza. Viza hajauliza. Atakula nini, atapanda basi gani, hana habari. Anajua shangazi yake anakaa San Diego, anajua Comic-Con, yale maonyesho makubwa ya katuni na sinema, hufanyika San Diego kila Julai, na kichwani mwake safari yote imekuwa ukumbi huo mmoja wa mastaa wa sinema.

Simlaumu, maana si yeye peke yake. Vijana wa Dar na Mombasa wanaopata namba yangu kwa ndugu zao wanauliza swali hilo hilo. Basi acha nimjibu hapa gazetini, na wenzake wasome: Hall H usiifuate. Nakaa City Heights, mtaa wa wahamiaji, mwaka wa tisa huu. Comic-Con nimeingia mara moja tu, Julai 2024, na mimi ni fundi cherehani, mambo ya sinema nayasikia kwa wajukuu. Lakini kwa siku tatu zile niliona mengi kuliko mkwe wangu, na yeye ndiye aliyeingia Hall H.

Tuanze na mlango, maana wengi wanakwama hapo. Beji haiuzwi getini. Ukifika San Diego Julai na dola zako mfukoni utaliona jengo kwa nje tu. Kwanza unajiandikisha kwenye tovuti yao upewe namba ya uanachama, na hilo ulifanye mapema, kwa sababu mauzo yakikaribia hufunga daftari. Mauzo yenyewe hufanyika miezi mingi kabla, kati ya Septemba na Novemba. Waliohudhuria mwaka uliopita hupewa zamu yao kwanza, ndipo wanafuata wengine. Siku hiyo unaingia kwenye chumba cha kusubiri mtandaoni, na hapo kuwahi hakukusaidii kitu: muda wa kuingia ukifungwa, mashine inapiga kura nani apite. Mauzo yakianza saa tatu asubuhi ya San Diego, ni saa moja usiku ya Tanga, na Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa mbili. Kwa hiyo mpwa wangu, usiku huo usitegemee bando la kuungaunga.

Binti yangu alipenya. Aliyepenya anaruhusiwa kununulia watu watatu, yeye mwenyewe akiwemo, kila mmoja na namba yake. Ndivyo nilivyopata beji, bila hata kujua nimeandikishwa kitu gani. Tulipata Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Alhamisi ilikuwa imekwisha. Mjukuu wangu alikuwa na miaka 11, na mtoto wa miaka 12 kurudi chini huingia bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Beji ina jina lako na haihamishiki. Ina kidude ndani cha kugusisha mlangoni, unapoingia na unapotoka. Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mwanawe alinunua beji kwa mtu wa mtandaoni asiyemjua. Alipofika mlangoni akarudishwa, na yule muuzaji hapatikani mpaka leo.

Hoteli nazo hugawiwa kwa bahati nasibu, na vyumba vya katikati ya mji bei zake nisizitaje, mtu asije akapandwa na presha. Sisi tulipanda basi namba 7, lile linaloshuka University Avenue hadi mjini, tukamalizia kwa miguu. Wanaotoka mbali hupanda troli, ile treni nyekundu ya mjini, na wakati wa Comic-Con huongezwa safari. Gari msilete. Mbele ya jengo kuna Harbor Drive na reli, na reli hiyo haipiti troli peke yake. Ijumaa asubuhi treni ya mizigo ilitukatia njia, behewa baada ya behewa, na mamia ya watu wenye mabawa na mapanga ya sponji wakasimama kimya kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ukiliona lango limeteremka, nenda kwenye daraja la waenda kwa miguu, upande wa uwanja wa besiboli wa Petco Park.

Sasa Hall H. Watu wanaohudhuria Comic-Con ni zaidi ya 130,000. Viti vya Hall H ni kama 6,500. Piga hesabu: ni kiti kimoja kwa watu ishirini. Na ukumbi hauondolewi watu kati ya kikao na kikao. Aliyekaa asubuhi anaweza kukaa mpaka usiku, akisikiliza mambo asiyoyajali, akingojea lile moja la jioni. Kwa hiyo wanaotaka la jioni wanapanga foleni tangu jana yake. Usiku huo hugawiwa vitepe vya mkononi vya rangi mbalimbali, na rangi yako ndiyo inayokuonyesha umesimama wapi duniani. Kwenda chooni wakati kikao kinaendelea unapewa kibali, ili urudi kwenye kiti chako. Mwaka 2010 mtu alichomwa kalamu karibu na jicho humo humo ukumbini, kisa kugombea kiti.

Mkwe wangu na wenzake watatu wa kazini walianza foleni Ijumaa. Walilala nje kwa zamu, mmoja akishika nafasi wengine wakienda kunyoosha mgongo. Jumamosi jioni, tarehe 27, wakawemo ndani wakati mwigizaji Robert Downey Jr. alipovua barakoa ya Doctor Doom jukwaani. Sisi muda huo tulikuwa ghorofa ya juu, kwenye foleni nyingine, nitaieleza. Ghafla foleni nzima ikainamia simu. Mjukuu wangu akapiga kelele, akanionyesha picha: uso wa yule bwana wazi kabisa, hata vinyweleo vya ndevu unavihesabu. Mkwe wangu alipotoka nilimuuliza alimwonaje. Akacheka. "Mama, nilimwona kwenye skrini. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo kama kidole gumba."

Nimpe haki yake: anasema mwakani atalala nje tena. Anasema kelele za watu 6,500 haziingii kwenye simu. Yawezekana. Na nakiri, kuna siku ningependa kuwa humo: Julai 2022, mwanamuziki Baaba Maal wa Senegali alipopanda jukwaa hilo hilo kabla ya kuonyeshwa kipande cha kwanza cha filamu ya Wakanda Forever. Au 2016, Lupita Nyong'o wetu alipotangazwa hapo kuwa yumo katika Black Panther. Lakini habari ya Lupita niliipata jikoni kwangu nikikaanga vitumbua, na furaha haikupungua hata chembe.

Niliyoyaona mimi ni haya. Mjukuu alitaka kuvaa kama Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa Wakanda katika Black Panther. Wenyewe mchezo huo wa kuvaa uhusika wanauita kosplei. Mimi nikasema vazi la dukani hununui, utashonewa na bibi yako. Nilikaa na picha za lile vazi wiki tatu. Aliyelibuni, Ruth E. Carter, alipata Oscar kwa mavazi ya filamu hiyo mwaka 2019, akapata ya pili kwa filamu iliyofuata, na amesema wazi kwamba alichota kwa Wamaasai, Waturkana na Wahimba, miongoni mwa wengine. Mimi nimekulia Ngamiani ya Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, nimeshona madera na sare za shule, na shanga za Kimaasai nimezijua tangu mtoto. Kumbe nilikuwa nashona kitu cha nyumbani kilichozunguka kupitia Hollywood kikanirudia City Heights. Mkuki nilitengeneza kwa bomba la plastiki, ncha ya sponji, gundi ya moto na rangi ya kupuliza.

Mkuki huo ulikaguliwa. Zingatia hili: silaha yoyote ya mchezo hupitishwa kwa walinzi, inatazamwa kama inaweza kuumiza, kisha inafungwa alama. Chuma halisi hakiingii, wala kitu kinachofyatuka. Mjukuu alisimama mbele ya meza ya ukaguzi kama anaomba pasipoti, na yule mlinzi, mama mtu mzima kama mimi, akaugeuza mkuki, akabonyeza ncha, akauliza, "Nani ameutengeneza?" Mtoto akaninyooshea kidole. Nikapigiwa saluti.

Ndani ni baridi. Nje Julai ya San Diego ni tamu, haina joto la Tanga, lakini kiyoyozi cha jengo lile kinakata mifupa. Hapo ndipo nilipojua mwongozo wa waandaaji umeandikwa na watu hodari ila si mabibi. Umejaa masharti mazuri: fimbo za kujipigia picha marufuku, wanyama marufuku, usirekodi filamu zinazoonyeshwa ukumbini, usimpige picha mtu aliyevaa uhusika kabla ya kumwomba. Hili la mwisho nimelipenda. Ni hodi tu, na mtu wa pwani hafundishwi hodi. Lakini hakuna mahali wameandika "beba khanga." Mimi nilibeba doti moja. Upande mmoja tulikalia sakafuni, maana viti ni vichache na watu wanakaa chini kandokando ya kuta. Wa pili ulimfunika mjukuu alipolala, ukanihifadhi niliposwali adhuhuri kwenye majani ya bustani ya nyuma, pale jengo linapotazamana na bahari na mashua. Watu walipita na pembe na mikia, hakuna aliyenishangaa. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kawaida kuliko wote.

Chakula cha ndani ni ghali na hakina chumvi. Tulibeba maandazi, chupa za maji na sambusa za Msomali wa mtaani kwetu. Viatu vaa vile vilivyokwisha kukuzoea. Na kama una goti bovu kama langu, usione haya kwenda dawati la wenye ulemavu: wana sehemu ya kupumzikia wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye watoto wadogo, na viti vya magurudumu vya kuazima kwa muda. Binti alinisukuma kwenda pale Ijumaa mchana, nikikataa kwa aibu. Jumamosi nilikwenda mwenyewe.

Kitu cha maana kuliko vyote nilichobeba kilikuwa kopo la biskuti. Ndani yake, kama kila kopo la biskuti duniani, hamna biskuti: sindano, nyuzi, vifungo, pini, lastiki. Tulikuwa kwenye foleni ya Ballroom 20, ukumbi wa pili kwa ukubwa, mbele yetu mwanamke mweusi wa makamo aliyevaa kigauni chekundu cha Star Trek, na pindo la nyuma limefumuka lote. Nikamgusa bega, nikamwonyesha sindano. Nilimshonea amesimama, foleni ikisogea nasi tunasogea hatua mbili mbili. Nikamuuliza, wewe ni nani katika hiyo hadithi? Akasema, "Uhura." Nikajiona nimepata mwanafunzi. Nikamwambia jina hilo ni letu, ni Kiswahili, ni uhuru. Akageuka anacheka. Akaniambia Nichelle Nichols, mwigizaji wa kwanza wa Uhura mwaka 1966, alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina likatokea hapo. Tena alijua alifariki lini: Julai 2022, siku sita baada ya Comic-Con ya mwaka ule kumalizika. Nilidhani nampa habari, kumbe napewa. Tukaagana kwa kukumbatiana, na pindo langu halikufumuka tena, nilimwona Jumapili.

Watu watano wengine nimewashonea siku zile. Zipu moja, mabega mawili, bawa moja la popo, na bwana mmoja mnene aliyepasukiwa mahali nisipopataja. Kila mmoja alikaa nami robo saa akanieleza vazi lake, amekata wapi, amekosea wapi. Nimekutana na sponji inayopashwa moto ikakunjika kama chuma, na nailoni iliyopakwa rangi ikafanana na ngozi ya nyoka. Kwa fundi wa Ngamiani, hiyo ilikuwa VETA ya bure, chuo cha ufundi kizima.

Ile foleni ya Jumamosi niliyosema ilikuwa ya Masquerade, maonyesho ya mavazi. Yapo tangu 1974, hufanyika Jumamosi usiku, na wanaoshindana ni watu wa kawaida waliojishonea wenyewe. Ukikosa nafasi ukumbini, kuna skrini kubwa kwenye Sails Pavilion, chini ya yale mapaa meupe kama matanga ya majahazi. Sisi tulikosa, tukatazama hapo, na hatukupungukiwa kitu. Vazi moja lilifunguka jukwaani likawa vazi jingine, na nikasimama kwa miguu miwili, goti likasahaulika. Kama kuna tukio moja nitakalomlazimisha mpwa wangu kuona, ni hilo.

La pili ni kona ya wachoraji. Watu wanaisahau kwa sababu haina taa. Upande mmoja wa ukumbi wa maonyesho makampuni ya wanasesere yana vibanda vya ghorofa, na bidhaa zao adimu wanaziuzia walioshinda bahati nasibu mtandaoni kabla hawajafika. Upande mwingine kuna meza tu, na nyuma ya kila meza mtu na kalamu zake. Hao ndio wenye shughuli. Comic-Con ilianza 1970, katika hoteli ya U.S. Grant hapa hapa mjini, na ile ya kwanza ya siku tatu, Agosti mwaka huo, ilikuwa na watu 300 waliokuja kwa ajili ya vitabu vya katuni. Wageni wao walikuwa Jack Kirby mchoraji na Ray Bradbury mwandishi. Mastaa wa filamu ni wapangaji waliokuja baadaye. Mwaka 1976 Star Wars ilinadiwa hapo kwa picha za slaidi kabla filamu haijatoka, na watu wa sinema wakaona kuna soko.

Kwenye meza moja mzee mmoja alimchora mjukuu wangu na mkuki wake kwa dakika kumi. Hapakuwa na foleni. Alimuuliza jina, akauliza linaandikwaje, akauliza maana yake. Mchoro uko ukutani kwangu. Wachoraji wetu wa vibonzo wanaotamani kuja, waje hapa wakazungumze na hawa. Wana muda, na wanapenda kuulizwa kalamu gani wanatumia.

Na aliyekosa beji kabisa asijifungie ndani. Mitaa ya Gaslamp, ng'ambo ya barabara, hugeuzwa maonyesho mazima, na mengine hayataki beji. Maktaba kuu ya mji huwa na mikutano yake ya bure kwa walimu na wakutubi kuhusu katuni. Ukisimama tu kona ya Fifth Avenue saa nne asubuhi na chupa ya maji, umepata sinema ya siku nzima. Utawakuta na wahubiri wenye mabango wakiwaonya watu na moto, na kijana aliyevaa kama shetani amesimama pembeni yao akipiga nao picha.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ndilo hilo. Jiandikishe upate namba ya uanachama sasa hivi, kabla hujamaliza gazeti. Tiketi ya ndege usikate mpaka beji na viza viwe mkononi. Ukipata, kitanda kipo, basi namba 7 linapita karibu, na ukaidi wako wa Hall H utaupeleka kwa mkwe wangu, ambaye ameshakutengea nafasi kwenye foleni yake. Mimi utanikuta ghorofa ya juu na kopo langu. Niletee doti mbili za khanga, zile nzito, na uzi mweusi wa cherehani. Wa huku unakatika.